Commando ya Mjomba ni Nambari Nne, na Sitaiondoa

Disemba iliyopita tulikuwa watu watano katika chumba kimoja Umoja, Nairobi, na chapati, na chai ya tangawizi, na kila mtu na orodha yake ya filamu kumi bora. Sio za mwaka. Za maisha. Sheria tulikubaliana mapema: unasoma kumi zako, unazitetea, halafu wengine wanapiga kura kama kuna moja ya kuondolewa. Mimi nilianza chini kwenda juu. Nambari kumi hakuna aliyelalamika. Nambari saba walinicheka kidogo. Nilipofika nambari nne nikasema, "Commando, kwa sauti ya mjomba wangu, Magunga." Chumba kikanyamaza. Kisha rafiki yangu mmoja, yeye hupiga na kuhariri video za harusi na anajua kamera kutuliko sote, akaweka kikombe chini akasema, "Hiyo haihesabiki."

Nikamuuliza kwa nini. Akanihesabia kwa vidole. Moja, sauti uliyosikia sio ya filamu, ni ya mtu aliyekaa kando ya televisheni. Mbili, hakuna nakala, hatuwezi kuiangalia ndio tujue kama unatudanganya. Tatu, mjomba wako alikuwa mvuvi, sio mtengenezaji filamu. "Hiyo sio filamu, buda. Hiyo ni utoto wako." Kura ikapigwa, nne kwa moja. Ile moja ilikuwa yangu.

Ningeweza kunyamaza. Ni orodha tu, haina kikombe wala pesa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifikiria hilo neno, haihesabiki. Linasemwa kana kwamba kuna karani mahali fulani anayehesabu kwa niaba yetu. Kila mtu anayepanga filamu ana sheria zake za mpakani, za kuamua hii iingie na hii ibaki nje, na karibu kila mtu amezikopa bila kujua amezikopa kwa nani. Nataka kuzungumza kuhusu hizo sheria. Na nataka kura yangu irudiwe.

Kwanza niwaambie kilichoondolewa.

Magunga, kama hujafika, iko Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, upande wa vilima vya Gwassi. Ukitoka Mbita unapita Sindo ndio ufike kwetu. Ukiendelea mbele barabara inakupeleka Sori, na hapo umeshaingia Migori. Sisi wenyewe ni watu wa mpakani. Mababu wa wengi wetu walizungumza Kisuba, sisi tunaongea Dholuo, na ukisafiri kidogo tu hukosi mtu wa kukuuliza kama wewe ni Mjaluo kamili ama vipi. Nimelizoea swali hilo tangu nikiwa mdogo. Labda ndio maana mtu akisema kitu hakihesabiki, masikio yangu husimama.

Banda letu la video lilikuwa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, benchi chache, televisheni ndogo yenye mgongo mkubwa, na jenereta iliyonguruma nyuma. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Ukikosa kumi, ulitumwa maji. Muvi zilikuwa za Kiingereza, au za Kichina zilizobandikwa Kiingereza juu, na nusu ya watu waliokuwa ndani Kiingereza hicho kilikuwa kinawapita. Ndani kulikuwa na wavuvi, watu wa boda, na watoto kama mimi waliokuwa wametumwa dukani saa mbili zilizopita.

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Kaka ya mama. Sisi tunamwita nera. Alikuwa mvuvi wa omena, na omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, hakuna kazi. Kwa hivyo siku za mwezi mpevu alipanda kutoka ziwani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya televisheni, akapunguza sauti ya muvi, na kuanza kutusimulia kwa Dholuo.

Commando ni filamu ya Marekani ya mwaka 1985. Iliongozwa na Mark L. Lester. Arnold Schwarzenegger ni John Matrix, mwanajeshi aliyestaafu. Binti yake anatekwa na kufichwa kisiwani. Baba anakwenda kumchukua. Hayo tu. Kwa mjomba, kisiwa kilikuwa Remba. Ile ndege ya majini inayompeleka Matrix aliipita haraka, haikumhusu. Lakini kile kiboti cha mpira ambacho Matrix anapiga kasia kuingia ufukweni, hapo alituweka muda mrefu. Alimkosoa anavyoshika kasia. Alitaja upepo unaovuma kutoka wapi saa kama ile. Aliuliza kwa sauti kama huyu mtu amekula.

Halafu mauaji. Mtu yeyote aliyeiona Commando anajua zile dakika za mwisho. Matrix anaua askari ambao huwezi kuwahesabu, wanaanguka kama matete, na filamu haitaki uwajue hata kidogo. Mjomba aliwajua. Kila aliyeanguka, akipata nafasi, alimpa kwao. "Huyo ni wa Nyandiwa. Mama yake anauza omena." "Huyo wa Sindo, amejenga simba yake juzi tu." "Huyo alikopa nauli ya kuja hii kazi." Watu walicheka sana mwanzoni. Walipofika kumi na kitu, kicheko kikaanza kupungua. Mwishoni banda lilikuwa kimya. Matrix anatoka na mtoto wake salama, na mjomba anasema, kwa sauti ya chini, kwamba sasa kuna matanga mengi ya kwenda.

Nilikuwa darasa la nne. Nilirudi nyumbani nikachapwa kwa kuchelewa, na nikalala nikiwafikiria wale askari.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo, kabla ya ada kunishinda na kuniacha nje katika mwaka wa pili, niliiona Commando yenyewe kwenye laptopu ya mtu hosteli. Inachukua saa moja na nusu hivi. Nilimsubiri yule wa Nyandiwa. Hakuna. Walianguka wote bila kwao, mmoja baada ya mwingine, na wenzangu wakashangilia. Filamu ni nzuri kwa kazi yake, sikatai. Lakini haikuwa ile niliyoijua, na haingeingia hata hamsini bora zangu.

Mjomba alifariki mwaka 2021. Hakuna aliyewahi kumrekodi.

Sasa turudi kwa vidole vya rafiki yangu.

Cha kwanza: sauti. Anasema filamu ni ile iliyotoka kwa mwenyewe, na mtu akiongea juu yake ameiharibu. Nikimuuliza kuhusu DJ Afro anacheka, kwa sababu yeye mwenyewe amekua na DJ Afro kama nusu ya Kenya hii. Kuna watu wazima leo ambao hawajui sauti halisi ya waigizaji wengi wa Hong Kong na Bollywood. Wanaijua ya DJ Afro, kwa Kiswahili cha mtaa, na majina mapya aliyowapa. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, na watu walikuwa wanatafuta kanda kwa jina lake, sio kwa jina la muvi. Uganda ni zaidi. Who Killed Captain Alex?, filamu ya Nabwana I.G.G. iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na kutoka mwaka 2010, ulimwengu unaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, anasimulia, anatania, anaitangaza filamu ndani ya filamu yenyewe. Mtoe VJ Emmie uone unabaki na nini. Wazungu wanaoipenda filamu hiyo wanampenda yeye pia, hata kama hawajui.

Na Nairobi Half Life? Hiyo iko nambari mbili kwangu, na yule rafiki yangu anayo nambari moja. Ya David "Tosh" Gitonga, 2012, ya kwanza Kenya kuipeleka Oscar. Inaanza vipi? Inaanza na Mwas kijijini akiuza muvi za watu wengine, na ili aziuze anaziigiza, risasi kwa mdomo, mwili mzima, watu wamemzunguka. Filamu tunayoiita bora ya nchi hii inatuambia katika dakika zake za kwanza kwamba muigizaji wetu alizaliwa akisimulia muvi za wengine. Tunapiga makofi. Halafu akitokea Mwas wa kweli, amekaa kwenye ndoo Magunga, tunasema hahesabiki.

Kwa hivyo cha kwanza nakirudisha. Kumsimulia mtu filamu kunaweza kuwa kazi ya pili iliyojengwa juu ya ile ya kwanza, na kazi ya pili inaweza kuwa mbaya au nzuri. Sharti langu ni moja: uitaje kwa jina lake. Sikuandika "Commando". Niliandika "Commando, kwa sauti ya mjomba". Aliyeisikia na aliyeiona hosteli wameona vitu viwili.

Cha tatu nakichukua kabla ya cha pili: alikuwa mvuvi. Hapa ndipo naona mahali sheria zetu zinakotoka. Zinatoka kwa watu wanaogawa vitu. Chuo cha Oscar, kwa mfano, kinasema filamu ya dakika 40 au chini yake ni fupi, ikae na fupi wenzake. Sawa, wao wana sanamu za kugawa na lazima wapange foleni. Mwaka 2019 wakaiondoa Lionheart ya Genevieve Nnaji, ya kwanza Nigeria kuwapelekea, kwa sababu mazungumzo mengi yalikuwa Kiingereza. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya Nigeria, iliyoletwa kule na wenye Kiingereza chao. Haijalishi, sheria ya mlango ule ilisema hivyo. Lakini mimi sina mlango. Mimi sigawi sanamu. Nikichukua sheria ya foleni ya Los Angeles na kuiweka kwenye daftari langu, nitakuwa nalinda nini, na kwa niaba ya nani?

Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ina dakika ishirini na kitu. Iko nambari sita kwangu. Ni dunia baada ya vita vya maji, watu wamefungiwa ndani, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na mwanamke mmoja anatoka nje na mche mkononi. Mimi nimekulia karibu na ziwa kubwa kuliko yote Afrika na bado nimebeba mtungi kilomita. Hakuna filamu ya saa mbili iliyoniambia chochote kuhusu hilo. Ukiniambia Pumzi ni fupi, jibu langu ni kwamba hata wakubwa hawaamini hiyo sheria wanapoachwa huru. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huuliza watu wa filamu kila baada ya miaka kumi, tangu 1952, filamu bora zaidi ni zipi, na kila mpiga kura anaamua mwenyewe "bora" maana yake nini. Mwaka 2022 walipiga kura 1,639. Nambari 16 ilikuwa Meshes of the Afternoon, ya 1943, dakika 14 hivi, iliyotengenezwa na mtu na mkewe. Ikazipita filamu za mamilioni ya dola. Hakuna aliyeuliza kama Maya Deren alikuwa na studio.

Basi tusimwulize mjomba.

Najua mnachotaka kusema. Kwamba nikifungua mlango hivi, kila kitu kinaingia. Tangazo la sabuni linaingia. Klipu ya sekunde thelathini inaingia. Ndoto inaingia. Orodha inakuwa kikapu, na kikapu hakina nambari nne. Hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya wote wanaopenda sheria, na siichezei. Orodha isiyofukuza kitu ni bure. Ila sheria ya kukopa haifukuzi vitu vibaya. Inafukuza vitu visivyo na karatasi. Mimi nataka sheria inayofukuza kwa sababu. Ninazo tatu, na nimezifanyia majaribio kwangu mwenyewe kabla ya kuja hapa, na zimeniuma.

Ya kwanza: niwe nimeiona, mwanzo hadi mwisho, kama ilivyokuwepo kuonwa.

Hii imeniondolea filamu mbili. Nambari tisa yangu ilikuwa muvi ya Kihindi ambayo jenereta ilizimika ikiwa imefika katikati, mafuta yameisha, na kaka yangu akanimalizia njiani tukirudi. Mwisho alioubuni ulikuwa mtamu sana. Nimeibeba miaka yote hiyo nikijiambia ni filamu kubwa. Sijui kama ni kubwa. Sijaiona. Nimeiondoa. Mtasema mjomba na kaka ni kitu kimoja. Hapana. Mjomba alisimulia picha zikiwa mbele yetu na zilikuwa zinaweza kumsuta. Alilazimika kwenda nazo. Kaka alikuwa anatembea gizani na hakuna kilichomzuia.

Ya pili iliyoondoka inauma zaidi. Rafiki wengi wananiuliza Rafiki iko wapi. Ya Wanuri Kahiu, 2018, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, na KFCB ikaipiga marufuku Aprili mwaka huohuo hata kabla ya Cannes kufika. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaondoa marufuku kwa siku saba, kwa sababu Oscar walitaka filamu iwe imeonyeshwa nyumbani siku saba ndio ikubaliwe kushindanishwa. Watu walijaa Prestige, Nairobi. Mwishowe Kenya ikapeleka Supa Modo. Mimi siku hizo saba nilikuwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ya upande wetu, na hata ningekuwa nje, hakuna ukumbi wa sinema Magunga wala Sindo wala Mbita. Sijaiona. Basi haiwezi kuwa kwenye orodha yangu. Mtu akiniambia niiweke kwa kuiunga mkono, namwambia orodha sio bango la maandamano. Ukiweka filamu ambayo hujaiona ili uonekane uko upande fulani, umeitumia, hujaiheshimu.

Na hapo ndipo ninaposhikwa na hasira na marufuku kuliko wale wanaoiweka kwa huruma. Kinachozungumzwa kila siku ni kwamba bodi iliwanyima watu filamu nzuri. Mimi nilinyimwa kitu kingine: haki ya kuiona na kusema, pengine, kwamba mimi haikunigusa. Bodi iliifanya filamu ile iwe bango kabla sijapata nafasi ya kuiangalia kama filamu. Rafiki haiko nambari tano wala nambari mia kwangu, na hilo sio kosa lake.

Ya pili: nikiiondoa, kuna kitu ninachokiona leo ambacho nisingekiona.

Hii ni rahisi kusema, ngumu kufuata, kwa sababu filamu nyingi tunazozipenda tulizipenda tu. Zilikuwa tamu, tukashiba, tukalala. Hakuna ubaya. Lakini kumi ni chache. Nowhere in Africa ilipita hapa na wengi wanashangaa. Ni ya Ujerumani, ya Caroline Link, ya 2001, na Ujerumani ikachukua Oscar nayo mwaka 2003. Ilipigwiwa Kenya, ni hadithi ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia huku. Wanaoogopa mpaka wanauliza: hiyo ni ya nani, yetu au yao? Mimi naangalia Sidede Onyulo akicheza Owuor, mpishi wa ile familia. Filamu sio yake. Kamera inamrudia wakati wao wanamhitaji. Na bado kila anapoingia anasimama kama mtu ambaye ana nyumba mahali pengine, ana mambo yake, na anawapa hawa wageni sehemu tu ya muda wake. Tangu nimwone, kila filamu ya mzungu iliyopigwiwa huku naiangalia kwa pembeni, kwa yule anayebeba trei. Out of Africa ilichukua Oscar saba, na nimeiona mara mbili, mara ya pili nikiwaangalia waliosimama nyuma tu. Ilikuwa filamu tofauti kabisa. Nowhere in Africa ni nambari nane. Pasipoti yake siihitaji.

Ya tatu: niweze kuitetea mbele ya mtu asiyenipenda, bila kutaja maisha yangu, nchi yangu, wala tuzo.

Hii ndiyo iliyonitoa Watu Wote. Filamu fupi, iliyotengenezwa na wanafunzi wa Ujerumani wakiongozwa na Katja Benrath, ya 2017, ikateuliwa Oscar. Inahusu basi la Mandera, Disemba 2015, magaidi waliposimamisha abiria na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo, na Waislamu wakakataa. Nililia. Niliiweka nambari tano mwaka mzima. Halafu nikajaribu kuitetea kwa sauti, peke yangu chumbani, na kila sentensi niliyosema ilikuwa kuhusu wale abiria. Walivyokataa. Ujasiri wao. Nilikuwa natetea basi, sio filamu. Wale watu walikuwa wakubwa kabla kamera haijafika, na wangebaki wakubwa bila kamera. Nimeitoa, na wao nimewabakisha.

Sasa ipime ya mjomba kwa hiyohiyo, kwa haki.

Nimeiona? Mara tatu au nne, miezi tofauti, hadi mwisho. Kuna ninachokiona kwa sababu yake? Siwezi tena kuangalia filamu ya vita bila kuuliza yule aliyeanguka nyuma ni wa wapi. Imeniharibia muvi nyingi za Ijumaa usiku, waulize wanaokaa nami. Na naweza kuitetea bila kusema alikuwa mjomba wangu? Hebu nijaribu. Msimulizi mmoja alichukua filamu ambayo nguvu yake yote inategemea wewe kutowajua wanaokufa. Hakubadilisha picha hata moja. Hakuhubiri. Alifanya kitu kimoja tu, akawapa kwao, na filamu ikageuka ndani ya dakika kumi, kutoka shangwe hadi matanga, mbele ya watu waliokuwa wamelipa kumi kuja kushangilia. Nipe mhakiki aliyeiandika Commando vizuri kuliko hivyo, nimsome.

Na ili msiseme ni mapenzi: mjomba alisimulia muvi nyingi, na nyingi aliziharibu. Za Bruce Lee alikuwa anazichosha, alidhani kila pigo linahitaji maelezo. Siku moja alikuja amelewa na akatuambia mwisho kabla ya mwanzo, watu wakadai kumi zao. Hizo haziko kwenye orodha. Iko moja.

Kuna jambo moja ambalo rafiki yangu hakulisema, na angelisema ningepata shida zaidi. Lile banda halikumlipa mtu. Ile sidii ilikuwa ya wizi, kama zote. Aliyeiandika Commando hakupata hata senti ya zile kumi zetu, na huyo ni tajiri huko Marekani, labda haimwumi. Lakini banda hilohilo lilipoonyesha za Wakenya na Wanaijeria lilifanya vilevile, na hao inawauma. Watu wanaotengeneza filamu hapa nawajua, naona wanavyokopa kodi. Siwezi kulifuta deni hilo kwa kusema tulikuwa watoto au tulikuwa mbali. Tulikuwa tunakula jasho la watu. Ninachosema ni kwamba deni liko kwenye kiingilio, na nilichoona kiko kwenye macho yangu, na kuwa na deni hakunifanyi niwe sikuona.

Kimebaki kidole cha pili: hakuna nakala.

Hiki ndicho kilichonipeleka nyumbani Pasaka. Nilijua jibu la haraka, kwamba filamu nyingi za zamani duniani zimepotea na bado watu wanaziandika. Lakini rafiki yangu aliuliza swali la haki: nitajuaje hunidanganyi? Kwa hivyo nilishuka Magunga nikaanza kuuliza. Lile banda sasa wanahifadhi simiti. Nikaenda kwa watu wa boda kwenye stendi, wale wakubwa wakubwa, nikataja muvi ile ya mtu wa Remba.

Wa kwanza alicheka kabla sijamaliza. Akaniambia yule wa Sindo na simba yake mpya. Wa pili akamkatiza, akasema hapana, mwenye simba alikuwa wa Nyandiwa, wa Sindo ndiye aliyekopa nauli. Wa tatu akasema kisiwa hakikuwa Remba, kilikuwa Ringiti, yeye alikuwepo, na kwamba mjomba alisema hivyo kwa sababu mwaka ule alikuwa amekosana na watu wa Ringiti. Walibishana hadi abiria wawili wakaondoka kwa miguu. Mama mmoja anayeuza ndizi pale akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mumewe alirudi nyumbani usiku ule na hakutaka kula, na alipomuuliza akasema kuna watoto wa watu wamekufa kisiwani. Alikuwa na wasiwasi hadi asubuhi kabla hajajua ni muvi.

Niliandika yote. Hayalingani. Sasa hata mimi sina uhakika na Remba.

Lakini rafiki yangu alitaka mtu wa kuulizwa, na wako. Stendi ya Magunga, upande wa barabara ya Sori, yeyote aliyepita miaka thelathini. Wataanza kubishana, na usiwe na haraka. Disemba tunakutana tena chumba kilekile, nimeshanunua unga. Orodha yangu imebadilika: tisa imetoka, tano imetoka, na nafasi zao bado ziko wazi, natafuta. Nambari nne iko palepale. Nitaisoma kwa sauti, halafu nitaomba kura.